Nani Aliyepandisha Sauti

Wimbo wa pili ulipoanza, Chiriku alifungua kinywa na hakujisikia. Midomo ilikuwa inafanya kazi, maiki ilikuwa pale pale karibu na meno, lakini kilichotoka kwenye spika kilikuwa gitaa na ngoma tupu, na yeye katikati kama mtu anayeita msaada kutoka kisimani. Mchana wa siku hiyo hiyo, walipokuwa wanajaribu vyombo, sauti yake ilizunguka ule mkahawa mpaka wapishi wakatoka jikoni na miko yao mkononi kuja kumsikiliza. Sasa hata yeye mwenyewe hakujua kama yuko kwenye wimbo au amekwisha kupotea njia.

Akageuka. Nyuma yake, kwenye jukwaa lisilozidi ukubwa wa vitanda viwili, mumewe alikuwa anazipiga ngoma kwa mabega. Watu walimwita Radi, na jina hilo hakupewa bure. Upande wa kulia, mguu mmoja juu ya spika ya gitaa lake, alisimama kaka yake Chiriku, kiongozi wa bendi. Pale mkahawani kila mtu, kuanzia wahudumu mpaka mlinzi wa mlangoni, alimwita Shemeji, kwa sababu ndivyo Radi alivyomwita na jina likamganda. Shemeji aliinama, akagusa kitu kwenye spika, akainuka. Radi akamwona. Kijiti kikapanda juu zaidi na kushuka kwa hasira zaidi. Mpiga besi, mtu mkimya waliyembandika jina la Bubu, aliendelea kutazama viatu vyake.

Kwenye meza ya mbele mzee mmoja aliziba sikio kwa kiganja. Mwanamke aliyekuja na wageni wake akakusanya mkoba na sahani, akawahamishia wote meza iliyo karibu na choo. Afadhali harufu kuliko kelele.

Kisha Tajiri, mwenye mkahawa, akaja mwenyewe. Siku nyingine angetuma mhudumu. Alipita katikati ya meza akitabasamu kulia na kushoto, akapanda jukwaani wimbo ukiwa bado unaendelea, akalikamata toazi la Radi kwa vidole viwili, vile mtu anavyomshika mtoto sikio. Toazi likanyamaza. Radi akabaki na vijiti hewani. Watu wa meza za mbele walicheka, na wengine wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya burudani.

"Watu wanakula," alisema Tajiri bila ukali wowote, akashuka.

Walimaliza zamu ile wakiwa wamenyong'onyea. Wakati wa kufunga nyaya, Radi hakumtazama mtu. Alikuwa anafuta lile toazi kwa pindo la shati, mahali palepale lilipokamatwa, kana kwamba vidole vya Tajiri vimeacha mafuta.

*

Wote waliishi nyumba moja, isipokuwa Bubu. Chumba kimoja cha Chiriku na Radi, kingine cha mama yake Radi na mjukuu wake, na katikati sebule nyembamba iliyobeba vyombo vya bendi pamoja na Shemeji, ambaye alitandika godoro lake kati ya ngoma kubwa na spika. Alikuja kukaa kwa muda, na ule muda ukaota mizizi. Hakuna aliyelalamika. Siku za katikati ya wiki Radi alifunga mabomba ya watu, Shemeji alifundisha gitaa watoto wa wenye nazo, Chiriku alishona. Lakini pango la nyumba lilitoka kwenye kazi ya Jumamosi, na kila mtu pale ndani alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Asubuhi ya Jumapili Radi alisema aliyoyaona. Mchana sauti zilikuwa sawa, kila mtu alikubali kuwa ziko sawa. Usiku hazikuwa sawa. Basi kuna mtu alizigusa, na mtu aliyemwona kwa macho yake mawili akiinama kwenye spika ni mmoja tu. Shemeji alijibu kwamba aliinama kweli, lakini ni baada ya gitaa lake kumezwa. Mtu akipiga ngoma kama anafukuza nzige shambani, wenzake wafanye nini? Akaongeza, akikoroga chai, kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Mama mkwe alikuwa anamsuka mjukuu wake. Hakuinua kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia yule mtoto, na kwa kuwa mtoto hakuwa na la kujibu, methali ilibaki inaelea mezani juu ya kikombe cha Shemeji.

Chiriku alijitahidi. Alimwambia mumewe kwamba kaka yake hana sababu ya kuharibu bendi aliyoianzisha mwenyewe. Alimwambia kaka yake kwamba Radi amedhalilishwa mbele ya watu, amwachie nafasi apumue. Alichovuna ni kwamba Radi alimwona anamtetea ndugu yake, na Shemeji alimwona ameolewa mpaka akili. Akawa kama ulimi kati ya meno: akisogea huku anaumwa, akisogea kule anaumwa.

Na moyoni mwake alikuwa na swali ambalo hakulitoa. Kama mchana sauti yake ilisikika na usiku haikusikika, aliyeonewa kati yao watatu ni nani hasa?

*

Jumatano alipeleka vitambaa vya meza alivyokuwa amevishona pindo. Mkahawa ulikuwa mtupu, viti vimegeuzwa miguu juu. Alipofika karibu na friji kubwa alisikia sauti anayoijua, akasimama. Mlangoni mwa jikoni alikuwepo kaka yake, ambaye asubuhi hiyo aliaga kwamba anakwenda kufundisha. Alikuwa na Tajiri. Tajiri alizungumza kwa mikono. Alichora hewani kitu kirefu, cha ukubwa wa meza ya kupigia pasi, kisha akakipapasa kwa vidole. Shemeji aliitikia kwa kichwa. Tajiri akamshika bega. Shemeji akaitikia tena.

Chiriku alirudi mlangoni, akaingia upya akikohoa.

Jioni alimuuliza kaka yake, kwa sauti ya mtu asiyejali, siku yake ilikuwaje. Shemeji alisema alipitia kwa Tajiri kumwomba radhi kwa ya Jumamosi. Alijibu haraka mno. Mtu aliyekwenda kuomba radhi haitikii kwa kichwa, huinamisha kichwa. Lakini Chiriku hakumwambia mumewe. Alijisemea kwamba hakusikia neno hata moja, na kumpelekea Radi neno ambalo hukulisikia ni kumpelekea petroli mtu anayeota moto. Sababu ilikuwa nzuri. Hata hivyo aliirudia mara nyingi kichwani, na sababu nzuri haihitaji kurudiwa.

*

Wazo la rangi ya kucha lilikuwa lake. Jumamosi iliyofuata, walipomaliza kupima sauti mchana na wote wanne wakakubaliana kwamba hapo ndipo penyewe, alitoa kichupa chake chekundu akaweka nukta kwenye kila kitufe: kwenye spika ya gitaa, kwenye besi, kwenye kisanduku cha kupangia sauti kilichokuwa ukutani. Nukta moja kwenye kitufe, nyingine pembeni yake, zitazamane. Atakayezungusha ataonekana.

"Na ngoma?" aliuliza Shemeji. "Mkono nao unapakwa rangi wapi?"

Radi alikuwa amekuja na blanketi la mama yake, akalikunja na kulishindilia ndani ya ngoma ya mguu mpaka ikatoa sauti ya mtu anayegonga mlango kwa adabu. Mama mkwe alikuwa amelitoa kwa shingo upande. Alisema hajawahi kuona ngoma inavishwa sanda, ila yeye ni mzee, dunia imebadilika.

Basi wakaanza. Wimbo wa kwanza haukufika katikati kabla Chiriku hajazama tena. Ilikuwa ile ile: meza zimejaa, watu wanazungumza na kucheka, na sauti yake inakwenda hatua mbili mbele yake na kufa. Nyuma Radi akajiona hasikiki na lile blanketi lake, akaanza kutumia mabega. Gitaa likapanda. Tajiri alisimama kando ya kaunta amekunja mikono. Safari hii hakuja. Alimwangalia tu Shemeji kwa muda, na Shemeji akaangalia pembeni.

Mapumziko yalipofika Chiriku alikimbilia vitufe kabla ya kunywa maji. Kitufe cha gitaa kilikuwa kimepita nukta, na Shemeji hakukana: amekigusa wimbo wa tatu, baada ya ngoma kuanza kupanda. Lakini kisanduku cha ukutani, ambacho ndicho kilichobeba sauti yake, hakikuguswa. Nukta zilitazamana kama mapacha. Maiki ilikuwa vile vile walivyoiacha mchana, na bado hakusikika.

Alilisema hilo mbele yao, akidhani ni habari ya kuwafariji. Kisha Radi, mume wake, mtu aliyelala naye kitanda kimoja, akauliza taratibu:

"Chupa ya rangi anayo nani?"

Chiriku hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Aliyeweka nukta anaweza kuzifuta akaziweka upya. Na aliye na maiki anaweza kuimba chini makusudi ili mwenzake aonekane ni mpiga kelele. Alimtazama kaka yake amtetee. Shemeji alikuwa anakaza uzi wa gitaa ambao haukuwa umelegea.

Mwisho wa zamu Tajiri aliwapa neno lake pale pale mlangoni, wahudumu wakisikia. Anawapa Jumamosi moja zaidi, kwa ukarimu tu. Akilazimika kupanda jukwaani tena, atapanda kuwashukuru na kuwaaga.

*

Wiki hiyo nyumba iligeuka kituo cha ukaguzi. Radi alianza kula mapema na Shemeji akaanza kula kwa kuchelewa, na Chiriku akawa anapasha chakula mara mbili. Shemeji alitembea na waya wa spika yake mfukoni, hata akienda kuoga. Radi alifunga uzi mweusi kwenye mlango wa sebule alipokwenda kazini, akarudi akaukuta umekatika. Akakaa na ushahidi huo kwa saa nzima mpaka binti yake alipomwambia kwamba yeye ndiye aliyepita, alikuwa anatafuta kifutio. Mama mkwe alilihesabu kila jambo na kulitolea methali. Siku moja alisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na mwanawe akamuuliza yeye yuko upande gani.

Chiriku alikuwa anashona na kusikiliza. Alijikuta anapima jinsi mumewe anavyofunga mlango, jinsi kaka yake anavyosafisha koo. Usiku alimgusa Radi mgongoni, akamwambia kwamba kama anaamini mkewe anaweza kufuta nukta kwa siri ili amwaibishe, basi aliseme wazi. Radi alisema haamini hivyo. Alisema aliuliza tu. Lakini hakugeuka.

*

Jumamosi ya mwisho mvua ilinyesha tangu mchana na haikukata. Walipoanza kupiga, mkahawa ulikuwa na meza tatu tu zenye watu, na moja ya hizo ilikuwa ya mlinzi aliyeruhusiwa kuingia ajikaushe.

Na sauti zikawa safi. Kila mmoja alisikika, hata vidole vya Bubu vikikwaruza nyuzi. Chiriku aliimba bila kujikaza na neno likafika mpaka ukutani na kumrudia. Radi akamtazama Shemeji kwa jicho lililosema: leo umeogopa. Shemeji naye akamtazama Radi kwa jicho hilo hilo. Kila mmoja aliamini mwenzake amejirudi kwa sababu amebanwa, na Chiriku, kusema kweli, aliwaamini wote wawili.

Lakini alikuwa amejiapia kwamba siku hiyo hataimba akiwapa mgongo. Alisimama upande upande, jicho moja kwa wateja na jingine kwa mikono ya watu wake. Ndiyo maana aliona kila kitu. Katikati ya wimbo mlango ulifunguliwa, wakaingia watu wengi kwa pamoja, wafanyakazi wa ofisi moja waliokuwa wanamuaga mwenzao, wamelowa, wamevaa makoti mazito, wanacheka. Wakajaza meza za mbele, za kati, mpaka zile za pembeni. Na kadiri walivyokaa, sauti ya Chiriku ilishuka. Ilikuwa kama maji yanayomwagwa kwenye mchanga. Alitazama mkono wa kaka yake: uko kwenye nyuzi. Alitazama mabega ya mumewe: yametulia. Hakuna aliyeinama. Hakuna aliyegusa kitu. Na bado alikuwa anazama.

Ikamjia siku waliyohamia ile nyumba yao. Vyumba vilikuwa vitupu, na binti yao alikuwa anapiga kelele kwa furaha kusikia sauti inavyomrudia kutoka ukutani. Wakaingiza magodoro, na nguo, na mapazia, ile sauti ikafa, na mtoto akalia akidhani kuna mtu ndani ya ukuta ameondoka. Watu ni magodoro, Chiriku alijiambia, akikosa neno moja la wimbo. Hawa watu na makoti yao na miili yao ndio wanaotumeza. Mchana tunapima sauti kwenye chumba kitupu, usiku tunaimba kwenye chumba kilichojaa magodoro yanayozungumza.

Nyuma yake Radi alikwisha kuhisi anapotea. Mabega yalianza kuamka. Mkono wa Shemeji ulikuwa njiani kuelekea kwenye kitufe. Kando ya kaunta, Tajiri aliweka chini glasi aliyokuwa anaifuta.

Chiriku alirudi nyuma hatua mbili, akasimama kati yao, akashusha kiganja kuelekea sakafuni.

"Chini," alisema. "Wote. Chini zaidi."

Radi akamtazama Shemeji. Shemeji akamtazama Radi. Kama wangekuwa wanapendana siku ile, mmoja wao angebisha. Lakini hakuna aliyetaka kuwa yeye ndiye aliyeonekana kukataa. Radi akaweka vijiti, akachukua zile brashi za kupigia ngoma kwa upole, ambazo alikuwa hazigusi akisema ni za kupakia rangi. Shemeji akazungusha kitufe mpaka chini ya nukta nyekundu. Bubu alikuwa chini siku zote.

Wale watu wa ofisini, waliokuwa wanapiga kelele ili wasikilizane, ghafla wakajikuta wanapiga kelele peke yao. Bwana mmoja alikamatwa katikati ya sentensi, amepaza sauti, anaeleza tabia za bosi wake, na bosi yuko meza ya pili. Kicheko kikazuka, kikafa, na baada yake watu wakaongea kwa sauti za kawaida, kisha za chini. Hapo sauti ya Chiriku ikainuka kutoka chini ya zile nyingine. Hakuilazimisha. Aliiacha tu.

Wimbo ulipoisha walipiga makofi mpaka na wapishi.

*

Wakati wa mapumziko aliwaeleza, nyuma ya jukwaa, akishindwa kuyapanga maneno kwa furaha. Hakuna aliyepandisha sauti kwanza. Hakuna aliyeanza kugusa kitu, si Jumamosi ile wala hii. Ni watu tu kukaa na kuzungumza. Kisha kila mmoja akajiona amemezwa, akapanda, mwenzake naye akapanda, mpaka wote wakawa wanapigana na mtu asiyekuwepo.

Radi alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa hasira za karibu na aibu za karibu vilevile. Alicheka kidogo, akafuta uso, akasimama mbele ya kaka wa mkewe na kunyoosha mkono.

"Shemeji, nimekukosea," alisema. "Nilikuwa na hakika kuwa ni wewe."

Shemeji aliutazama ule mkono. Alikuwa anakunja waya, na waya ule ulikwisha kukunjika, lakini aliendelea kuukunja. Chiriku aliona hayo na furaha yake ikaanza kumtoka polepole, kabla hata hajajua kwa nini. Na hapo ndipo Tajiri alipokuja, uso unang'aa, akampiga Shemeji mgongoni.

"Hivi ndivyo nilivyokuwa nataka," alisema. "Basi kile kinanda chenye ngoma ndani tukiache kwanza. Mwambie mwenye nacho asikilete Jumatatu." Akawaambia wahudumu wawaletee kinywaji, akaenda zake.

Mkono wa Radi ulikuwa bado umenyooshwa. Aliutazama kama ni wa mtu mwingine, akaurudisha mfukoni.

"Kinanda gani?" aliuliza.

Shemeji akasema ni jambo la zamani, limepita.

"Mjibu, kaka," alisema Chiriku.

"Alitaka kutufukuza wote." Shemeji alizungumza akiutazama waya. "Alisema gitaa lina kitufe, maiki ina kitufe, ngoma haina. Alisema kuna vinanda vinavyojipigia ngoma vyenyewe, kimya kimya. Nikaona bora tubaki watatu kuliko tukose wote. Pesa ingeingia nyumba ile ile."

"Nyumba ile ile," alisema Radi. "Ile unayolala."

"Ningekwambia."

"Lini?"

Shemeji alifikiri. Pengine alikuwa anatafuta jibu zuri zaidi, akalikosa. "Kesho," alisema.

Hata Bubu aliinua kichwa.

Radi akageuka kwa mkewe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Chiriku. Alikuwa na uso wa mtu anayepima bomba kwa kidole, anatafuta linapovuja.

"Na wewe ulijua?"

Hapana ilikuwa karibu sana mdomoni. Na isingekuwa uongo mtupu. Habari za kinanda hakuzijua. Lakini aliona kaka yake ameinua macho, anamsubiri, na akajua kwamba akisema hapana atakuwa amekula njama naye mbele ya mumewe.

"Nilimwona na Tajiri, siku niliyopeleka vitambaa," alisema. "Mlangoni mwa jikoni. Sikusikia waliyosema."

"Ulimwona."

"Nilimwona."

"Siku zote zile mimi nafunga uzi mlangoni kama kichaa, ulikuwa umemwona."

Wahudumu walileta vinywaji, wakaviweka juu ya spika, na hakuna aliyevigusa isipokuwa Bubu. Kisha muda ukafika na wakapanda kumaliza zamu. Wale watu wa ofisini waliwaomba wimbo wa kumuaga mwenzao, wakaupiga vizuri.

*

Shemeji alihama Jumatatu. Bubu alikuwa na chumba chenye nafasi, na Bubu hakuuliza maswali. Mama mkwe alisema lisemwalo lipo, akaenda kulala mchana, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo; alikuwa amemzoea yule kijana, ndiye aliyemletea dawa ya miguu. Spika ya gitaa ilikuwa nzito kwa mtu mmoja. Radi alitoka chumbani bila kuitwa, akashika upande wa pili, wakaibeba mpaka kwenye mkokoteni uliokuwa unasubiri nje. Waliiweka chini pamoja, kwa uangalifu, kwa sababu wote wawili walijua inavyovunjika kirahisi. Binti yao aliuliza mjomba anakwenda wapi. Aliambiwa anakwenda kupata hewa zaidi.

Sebule ikawa kubwa. Radi hakugomba na mkewe hata siku moja. Alianza kumwambia asante kwa kila kitu: asante kwa chai, asante kwa shati, samahani, naomba nipite. Chiriku alikuwa tayari kwa kelele. Alikuwa amezaliwa kwenye kelele na kuolewa kwenye kelele. Adabu hakujua aijibu vipi. Alijaribu mara moja kumwambia amefanya alivyofanya ili kuwalinda wote wawili. Radi alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa kwa upole, akasema anaelewa.

Kazi haikuvunjika. Kazi ni kazi, na pango ni pango. Jumamosi walikutana mkahawani, Shemeji akitokea kwa Bubu na wao wakitokea nyumbani, wakapima sauti mchana kwenye chumba kitupu wakijua kwamba hapo bado. Watu walipojaa walishuka chini, na chini zaidi. Radi alipiga kwa brashi, macho hayatoki kwenye mkono wa Shemeji. Shemeji alipiga, jicho moja kwenye mabega ya Radi. Chiriku aliimba upande upande, akiwaona wote wawili, na wao wakimwona. Hakuna aliyekosea kuingia. Hakuna aliyempita mwenzake. Mtu akivuta pumzi, wengine watatu walijua.

Sifa zilienea. Ikafika mahali watu wakaanza kuagiza meza mapema. Jumamosi moja mwanamke mmoja mtu mzima, aliyekuja na wanawe, alimsimamisha Chiriku wakati anarudi jukwaani, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nimesikiliza bendi nyingi, mwanangu," alisema. "Lakini nyinyi mnasikilizana. Mtu anaona kabisa."

"Ni familia moja hao, mama," alidakia Tajiri kutoka kwenye kaunta, kwa fahari ya mtu aliyewazaa. "Mume, mke na kaka mtu."

"Ndiyo maana," alisema yule mama. "Ndiyo maana."

Chiriku alimshukuru. Akapanda, akashika maiki, akageuka upande upande kama alivyozoea sasa. Radi alikuwa amekwisha kukaa, brashi mkononi, anautazama mkono wa Shemeji. Alisubiri mpaka ule mkono ulipoondoka kwenye kitufe. Kisha akahesabu, taratibu, na wakaingia wote kwa pamoja.